Goti la Mwanao

Nyumba ya Walimu namba 6,
Nyuma ya Uwanja wa Chuo.
Jumapili, 9 Novemba.

Mpendwa Dada,

Nakusalimu kwa heshima na mapenzi, wewe na shemeji na wote mnaokaa nyumba moja huko mbali. Hujambo lakini? Mgongo unasemaje? Mara ya mwisho uliniambia unaamka umekakamaa kama ubao kwa sababu ya kuwainua wale wazee unaowatunza, na kwamba baridi imeanza mapema mwaka huu. Vaa soksi mbili, Dada. Wewe hujui kujihurumia, na wa kukukumbusha huko naona hayupo, maana shemeji namjua, akishapata kiti na gazeti dunia kwake imekwisha.

Sisi huku tu hai. Nikikuandikia kwamba tu wazima nitakuwa nakudanganya, na mwezi huu nimeshakudanganya vya kutosha. Nitafika huko. Niache kwanza nikupe habari za nyumbani, kwa sababu mkono umegoma kuandika lile lililonikalisha hapa.

Mama jicho la kushoto limefunga kabisa, la kulia linaona vivuli. Masikio ndiyo kwanza yamezidi ukali, anasikia hata yasiyosemwa. Fimbo tuliyomnunulia ameitundika nyuma ya mlango, anasema fimbo ni ya wazee. Kila asubuhi anauliza kama umerudi, kama vile ulitoka jana kwenda sokoni.

Wifi yako amepata kazi ya kushona sare za shule, mashati mia mbili, na nyumba nzima imekuwa nyuzi. Juzi nimekuta kifungo ndani ya kikombe cha chai. Ndiye aliyenipa karatasi hizi na kalamu, akanifungia katika chumba cha cherehani kama mtoto aliyekataa kufanya hesabu, akaniambia nisitoke mpaka nimemaliza. Kwa hiyo ukiona herufi zinayumba ujue nimeegemeza karatasi juu ya rundo la kola.

Dada, maisha yangu ya mpira unayajua kuliko gazeti lolote, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukinifulia jezi. Unajua nilivyoanzia timu ya kiwanda cha viatu nikiwa na miaka kumi na saba, mfupi kuliko wote, hata wakaniita Kiberiti: kidogo, lakini usikichezee. Baba alikuwa akisema mpira hauna pensheni, kisha Jumamosi anafunga karakana mapema na kwenda kusimama nyuma ya goli la wapinzani, akijifanya anapita tu. Unajua klabu kubwa iliponichukua, na ule msimu wa magoli kumi na tisa, watu wakinisalimu hata mazishini. Na unajua ile nusu fainali nilipovunjika goti nikiwa na miaka ishirini na minane.

Usilolijua ni hili. Yule beki mrefu uliyemlaani miaka yote hakunivunja. Hakunigusa hata. Goti lilikuwa limeshaharibika wiki mbili kabla, na siku ya mechi daktari wa timu alinilaza juu ya meza ya kupigia jezi pasi, akanichoma sindano ya ganzi. Kocha wangu alikuwa amesimama dirishani, ametupa mgongo, anatazama ua usio na kitu. Hakunilazimisha. Hakusema neno. Nilicheza dakika sabini nisijue kama nina goti au sina, nikafunga goli, na nilipogeuka peke yangu kuufuata mpira, likakatika. Beki alikuwa mbali, hatua tatu nne. Nilimsingizia kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu wewe ulikuwa unalia na ulihitaji mtu wa kumlaani. Kwamba klabu imeniacha nilisikia redioni nikiwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa.

Baada ya hapo unakumbuka, miaka minne nikipima misumari kwenye duka la vifaa vya ujenzi, wateja wakiniuliza mimi si ndiye yule. Chuo cha ualimu kiliponichukua, kilinichukua nitunze mipira na nyavu stoo. Kocha aliyekuwepo alihama, mwingine hakupatikana, nikaambiwa nishike filimbi kwa muda. Muda huo umefika miaka ishirini na miwili.

Nimefundisha walimu, Dada, si wachezaji. Wanakuja mazoezini na chaki kwenye nywele, wanaomba ruhusa dakika ya arobaini wakasahihishe madaftari. Mwaka wangu wa kwanza tulifungwa manane, na mpishi wa chuo akasema hata kabati la jikoni lingezuia mawili. Kabati la vikombe vya ushindi lililo ofisini kwa mkuu wa chuo lilikuwa linahifadhi maboksi ya chaki na mwavuli wake. Nilikuwa nacheka pamoja na wengine. Lakini kila nilipoingia mle ofisini macho yalikwenda kabatini yenyewe.

Kitu kimoja tu nilijivunia, sheria ya ngazi. Ukumbi wetu una ngazi kumi na mbili za saruji. Asubuhi ya mechi kila mchezaji anazipanda kwa kurukaruka, kwanza mguu wa kulia mpaka juu, kisha anashuka na kupanda kwa wa kushoto, bila kushika ukuta. Mimi nasimama chini na daftari, nahesabu kwa sauti. Asiyefika juu kwa mguu wowote hachezi, awe nahodha, awe mtoto wa mkuu wa chuo. Mara mbili nilipoteza mechi kubwa kwa sababu ya ngazi zile na sikujuta. Vyuo vingine walinicheka. Mimi nilijua nimeitoa wapi sheria ile, ila sikumwambia mtu, hata wifi yako.

Sasa nije kwa mwanao.

Uliponiachia yule mtoto alikuwa na miaka minane na begi moja la nguo. Hukunipa masharti. Uliniambia mlangoni mwa basi, "Mdogo wangu, ule mnachokula, ila umrudishe kwangu mzima." Wifi yako anasema uliniambia "ale", si "ule", kwamba nilikuwa nalia nisikie vizuri wapi. Vyovyote iwavyo, la mwisho nililisikia.

Alikua kama mlingoti. Chuo kizima wanamwita Twiga. Anapanda juu kwa mpira wa kichwa, na wakati mabeki wameshatua chini yeye bado yuko huko anachagua kona. Mimi nilikuwa na mbio na ujanja, yeye ana vyote viwili na urefu wa baba yake. Msimu huu amefunga magoli kumi na saba. Barua ya ile klabu kubwa kumwita majaribio mwezi wa kwanza alikusomea mwenyewe kwa simu, na ulivyopiga kelele tulikusikia chumba kizima, Mama akauliza nani amezaliwa.

Tukafika fainali ya vyuo. Miaka ishirini na miwili, Dada, na mwakani nastaafu.

Katika nusu fainali Twiga alipigwa teke la goti la kushoto. Likavimba. Muuguzi wa zahanati ya chuo, mama mmoja mkali asiyecheka na mtu, alilibonyeza pande zote akasema apumzike wiki tatu kamili, akaandika kwenye karatasi na kunikabidhi mimi, si yeye, kwa sababu mimi ndiye mtu mzima. Fainali ilikuwa baada ya siku tisa. Karatasi niliikunja nikaitia mfuko wa suruali. Wifi yako aliikuta baadaye alipokuwa anafua, imelainika lakini inasomeka.

Asubuhi ya fainali tulikusanyika ngazini kama kawaida. Wengine walipita. Zamu ya Twiga ilipofika alipanda kwa mguu wa kulia, kumi na mbili, safi. Akashuka ameshika ukuta. Akasimama pale chini akanitazama. Hakuomba kitu, Dada, nataka ulijue hilo. Alisimama akingoja nimwambie apande kwa wa kushoto, na mimi nilijua, na yeye alijua, kwamba hatafika ngazi ya tatu.

Niliinamisha kichwa kwenye daftari nikaita jina la mchezaji anayefuata.

Nahodha wetu, kipa, kijana mpole ambaye hata akifungwa huwaomba radhi mabeki, akasema, "Kocha, bado wa kushoto."

Nikamjibu, "Nimeona."

Basi. Ni neno hilo moja. Sikumlazimisha mtu, sikumchoma mtu sindano. Twiga akaenda kuvaa viatu. Ningeweza kumwita mpaka dakika ya mwisho, nilikuwa na saa tano nzima za kumwita, na saa zote hizo nilikuwa najishughulisha na kujaza upepo mipira iliyokwisha jaa.

Tulishinda. Goli moja bila, na alifunga yeye, kwa kichwa, dakika ya sitini na mbili. Nilipiga magoti kwenye majani, mimi mzee mzima, nikalia. Nikuambie kweli yote: kwa dakika kumi na mbili sikumkumbuka mwanao hata kidogo. Niliona ni mimi nimefunga. Halafu akageuka peke yake karibu na mstari, hakuna mtu aliyemkaribia, akaanguka. Sikuhitaji kukimbia ili nijue. Hata sauti aliyoitoa niliijua.

Sasa unajua kwamba hakuteleza kwenye ngazi za bweni.

Siku ile ulipopiga simu hospitali, mimi ndiye niliyeishika simu sikioni kwake kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na dripu. Alikuambia ngazi zilikuwa na maji akateleza. Hatukupanga. Alisema huku ananitazama usoni, na niliposikia, moyo wangu, Mungu anisamehe, ulipumua. Nikaichukua simu nikakuambia ndiyo Dada, pole, ngazi zilikuwa mbichi. Ukaniambia nimkaripie msafishaji wa bweni amwogope Mungu, nami nikaitikia. Kisha ukanishukuru. Uliniambia bila mimi ungekuwa umerukwa na akili huko ugenini. Mama msafishaji huyo ni mwanamke ambaye hajawahi kuacha tone la maji mahali. Nimekuwa nikipishana naye kila siku na kushindwa kumsalimu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimeona heri nijiumbue mwenyewe kwako kabla hujasikia kwa wengine.

Haya ndiyo aliyosema daktari wa mifupa. Kano mbili za goti zimekatika na ile nyama laini iliyo kati imesagika. Wamempasua Jumatano iliyopita, upasuaji umekwenda salama, hilo usihofu. Magongo mpaka mwezi wa tatu. Kutembea atatembea, kwa kuchechemea kidogo. Atafundisha, akipewa kiti. Mpira, hapana. Nilimuuliza mara mbili, akanijibu mara mbili kwa sauti ileile. Nikamuuliza je, angepumzika zile wiki tatu? Hakujua mimi ni nani, alidhani ni mzazi. Akasema lilikuwa jeraha la kupona, mzee wangu, aliyemruhusu kucheza ndiye wa kuulizwa.

Barua ya majaribio mwanao ameichukua kutoka ukutani. Sijui ameiweka wapi, na sijathubutu kuuliza.

Kikombe kiko kabatini ofisini. Mkuu wa chuo ametoa maboksi ya chaki na mwavuli, ameweka kitambaa cheupe. Nilimwandikia barua ya kuacha timu, nikamweleza na sababu. Akaniita, akanikalisha mkabala na lile kabati, akaniambia ajali ni ajali, mshindi haachi, nisubiri mpaka mahafali nitoe hotuba. Nikamwambia hotuba ninayo moja tu na haitamfaa. Filimbi niliiacha mezani kwake.

Jumatatu niliwakusanya vijana pale ngazini nikawaambia nilichofanya. Nilidhani nitawashangaza. Nahodha aliangalia viatu vyake akasema, "Tulijua, Kocha. Sote tulinyamaza kwa sababu tulitaka kushinda." Kwa hiyo nimewafundisha na hilo. Miaka ishirini na miwili nimewaambia walimu watarajiwa kwamba mtoto hafuati unachosema, hufuata unachofanya. Jambo lenyewe nilikuwa nalifahamu kwa kichwa tu.

Utaniuliza kwa nini. Nimejiuliza nikiwa juu ya kitanda, nikiwa bafuni, nikiwa nimeshika kijiko. Nimejaribu kusema ni kwa ajili ya chuo. Nimejaribu kusema ni kwa ajili yake, aonekane na wale wa klabu kubwa. Ni uongo, barua ya kumwita alikuwa nayo tayari. Nilitaka kikombe, Dada. Nilitaka kitu kimoja cha kuonyesha kwamba Kiberiti hakuzimikia kwenye kiti cha kinyozi. Na aliyekuwa njiani kati yangu na kitu hicho alikuwa mtoto uliyenikabidhi, nikampitia.

Sikuandikii ili unisamehe. Ukitaka kunitukana nitukane, wewe ni mkubwa wangu na ulinipiga makofi kwa madogo kuliko haya. Ukisema ahame kwangu aende kwa dada yetu mdogo, nitamfungia mizigo mwenyewe na kuibeba mpaka mlangoni, na sitakuona umekosea. Akibaki, namwogesha mguu, nampeleka kliniki kila Jumanne, na zamu hiyo sitampa mtu mwingine mpaka atakapotupa magongo. Lakini uamuzi ni wako na wake. Mimi nimekwisha amua vya kutosha juu ya mguu ule.

Ombi ninalo moja. Ukimpigia simu, usimkaripie kwa ule uongo. Mwambie tu kwamba unajua, na kwamba asinikingie tena. Mtoto wa miaka ishirini na mmoja amelala na goti lililopasuliwa, bado anabeba na aibu ya mtu mzima. Mzigo huo si wake.

Wifi yako anakusalimu, anasema ameiona barua hii nikiwa katikati yake na hatakwambia lolote la kunitetea. Wanangu wanamsalimu shangazi yao. Dada yetu mdogo anakuuliza kama lile koti lilikufika. Mama anakubariki asubuhi na jioni. Goti lenyewe ameambiwa linauma tu, lakini juzi aliniita, akanipapasa uso mzima kwa mikono yake miwili, akaniachia. Nisalimie shemeji sana, na wale wazee wako pia, wakuonee huruma wajifunze kuinuka wenyewe.

Mungu akutie nguvu, akupoze mgongo, akulinde uendako na utokako. Na akujaalie umwone mwanao kwa macho yako mapema, kabla hajazoea kuchechemea.

Nilipofika hapa niligonga mlango nikatolewa, nikaenda kumuuliza Twiga kama ana salamu za kukutumia. Alikuwa kitandani ameuinua mguu juu ya mito miwili, anasoma. Hakuuliza naandika nini. Alisema, kwa adabu kabisa, "Mwambie Mama nitampigia, Kocha."

Dada, kwa miaka kumi na mitatu humu ndani nimekuwa Mjomba. Kocha lilikuwa jina la uwanjani, akivua viatu pale mlangoni analiacha nje pamoja navyo. Tangu atoke hospitali sijalisikia lingine. Mezani, Kocha, naomba chumvi. Asubuhi, shikamoo Kocha. Hanuni, hanijibu vibaya, ananishukuru kwa kila kitu. Nikamwambia nitakufikishia, nikafunga mlango taratibu.

Wako akupendaye na aliyekukosea,
Mdogo wako.